Kununua Honda S2000 kama Uwekezaji: Angalia Gari Yenyewe Kabla ya Kuangalia Bei

Swali linaloulizwa kila siku kuhusu S2000, ile gari ya michezo ya Honda ya viti viwili, ni moja tu, bei yake itapanda? Naelewa kwa nini. Gari ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2000 ilikuwa kama dola 32,000 mpya, leo zile safi zilizotembea kidogo zinauzwa juu ya hapo, na zile za toleo la CR (toleo maalumu la Marekani, nitalieleza chini) zenye maili chache zimeshavuka dola 100,000 mnadani. Mtu akiona hivyo anahisi amechelewa, anakimbilia yoyote iliyo karibu na hela yake, na hapo ndipo anapoumia, kwa sababu hakuna kitu kinaitwa bei ya S2000, kuna bei ya ile moja uliyosimama mbele yake. Gari mbili za mwaka mmoja, rangi moja, kilomita zinazokaribiana, moja inaweza kuuzwa karibu mara mbili ya mwenzake, na ukiniuliza mimi aliyelipa zaidi ndiye aliyenunua rahisi.

Nipende nisipende nitakuwa na upendeleo hapa, hii gari naipenda sana, ila nitajitahidi kukuonyesha na pale inapokula hela.

Kwanza ujue ni gari gani. Ilianza kama gari ya maonyesho inaitwa SSM kule Tokyo mwaka 1995, kisha ikaingia uzalishaji mwaka 1999, mkuu wa mradi akiwa Shigeru Uehara, yule yule wa NSX, gari ya michezo ya Honda ya bei kubwa. Ikatengenezwa mpaka 2009, jumla gari kama 110,000 dunia nzima. Viti viwili, paa la turubai, injini mbele lakini imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, magurudumu ya nyuma ndio yanasukuma, gia sita za mkono na hakuna kabisa toleo la otomatiki. Injini ya kwanza, F20C, ni lita 2 bila tabo (turbo) na kwa soko la Japani ilitoa nguvu za farasi 250, yaani 125 kwa kila lita, kitu ambacho kwa injini isiyo na tabo kilikaa kileleni kama miaka kumi hivi. Sindano ya mizunguko ya injini inapanda mpaka karibu 9,000 kwa dakika. Kumbuka hii 9,000 maana sehemu kubwa ya bei imekaa hapo.

Sasa matoleo, na hapa watu wanachanganywa sana na wauzaji. AP1 ni zile za mwanzo, rimu inchi 16, lita 2, mkia mwepesi kuteleza ukiwa na papara. AP2 zikaja mwaka wa modeli 2004, rimu inchi 17, sasipensheni imetulizwa, na kwa Marekani injini ikawa lita 2.2 (F22C1) ambayo inaishia kama 8,000 lakini ina nguvu zaidi huko chini. Japani walipata hiyo 2.2 mwishoni mwa 2005, Ulaya wao walibaki na lita 2 mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni AP2 muulize ya soko gani, maana zile za lita 2 za kuanzia 2004 nazo watu wanaziita AP2, japo namba ya chesisi inasema bado ni AP1. Halafu kuna CR ya Marekani ya 2008 na 2009, chini ya 700 zilitengenezwa, wametoa turubai wakaweka hadtopu (paa gumu) ya alumini, sasipensheni ngumu zaidi, na mnunuzi aliweza kuchagua isiyo na AC wala redio. Japani wakawa na Type S, ambayo ni kama ndugu yake lakini yenyewe ilibaki na turubai.

Kimtazamo wa bei, CR iko kwenye dunia yake peke yake. Chini yake zinafuata AP2 za mwisho mwisho kwa sababu miaka ile mauzo yalikuwa yamedorora kwa hiyo ni chache, halafu AP1 safi kabisa kwa wale wanaotaka ile 9,000. Rangi nayo ina mchango wake, bluu ya Suzuka na zile njano zinatafutwa kuliko fedha, japo fedha ndio rangi watu wanaikumbuka zaidi. Ila mimi nisingelipa nyongeza kubwa kwa rangi kabla sijajua hali ya gari.

Uhalisia wa gari ndio hela yenyewe

Hii sehemu soma taratibu. S2000 kwa miaka mingi ilikuwa gari ya bei nafuu ya vijana, ikanunuliwa na watu wa kudrifti, watu wa mbio za uwanjani, watu wa kufunga tabo, watu wa kushusha chini mpaka tairi inagusa fenda. Sinema za mbio za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaongeza moto. Matokeo yake ni kwamba kati ya hizo 110,000 nyingi zimegongwa, zimekatwa, zimepigwa rangi mara tatu, na zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani ni sehemu ndogo. Soko linalipia hiyo sehemu ndogo. Mwenye gari anaweza kuwa ametumia dola 15,000 kwenye vifaa vya nguvu na bado gari yake ikauzwa chini ya ile ya jirani ambayo haijaguswa hata ekzosi.

Kwa hiyo ukikuta gari imebadilishwa, swali ni moja: vifaa vya mwanzo vipo? Rimu za kiwandani, ekzosi, boksi la hewa, springi, usukani, hata redio na kile kifuniko chake. Vikiwepo kwenye maboksi, unaweza kuirudisha na hela yako haijapotea. Visipokuwepo piga hesabu ya kuvitafuta kimoja kimoja na utoe hiyo hesabu kwenye bei, maana vifaa vingine Honda hawatengenezi tena na vilivyobaki vinauzwa kama dhahabu. Kitu cha kutia moyo ni kwamba mwaka 2020 Honda Access kule Japani walitoa vifaa vipya vya kuadhimisha miaka 20 ya gari hii, inaonyesha hawajaisahau, lakini usijenge mpango wako juu ya hilo.

Gari za soko la Marekani zina stika ndogo zenye namba ya chesisi kwenye boneti, fenda, milango, bampa na buti. Pita moja moja uzisome zote. Ikikosekana moja muulize mwenye gari kwa utulivu, anaweza kuwa na maelezo mazuri tu, bampa la mbele lilikwaruzwa likabadilishwa, sawa, hilo halinitishi. Ila ikikosekana kwenye fenda, boneti na mlango wa upande mmoja, hiyo gari ilipigwa, hata kama karatasi zinasema haikupigwa. Tembea na kipima unene wa rangi pia.

Kwa gari iliyotoka Japani omba karatasi ya mnada, na usikubali picha iliyokatwa. Gredi 4 au 4.5 ni gari nzuri, 3.5 ina mikwaruzo na uchakavu wa kawaida, ukiona R au RA maana yake ilishafanyiwa matengenezo ya bodi. Sio kwamba R haifai kuendeshwa, kuna R nzuri tu, lakini kama lengo ni thamani ya baadaye basi R itakufuata mpaka siku unauza, mnunuzi wako naye atasoma karatasi hiyo hiyo.

Ukifika kuikagua

Mwambie mwenye gari mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto jua kuna kitu hakutaka usikie. Injini ikiwa baridi ndipo inasema ukweli. Sikiliza upande wa mbele wa injini, mlio wa kugongagonga kama vijiwe ndani ya kopo ni tensiona ya cheni, yaani kile kinachokaza cheni ya injini, ni tatizo maarufu na linatibika bila kuvunja benki, lakini ni sababu ya kupunguza bei. Kabla hata ya kuwasha chomoa kijiti cha oili. Hizi injini, hasa AP1, zinakula oili, hiyo sio siri, shida inakuja pale mwenye gari haangalii. Nikikuta oili iko chini ya alama mimi huwa nimeshafunga mkoba, sio kwa sababu ya oili yenyewe ila kwa sababu nimeshajua gari ilikuwa inatunzwaje.

AP1 za mwanzo kabisa, 2000 na 2001, zilikuwa na shida ya upoozaji wa pistoni, zile bolti zenye matundu zinazopitisha oili ya kurushia chini ya pistoni zilikuwa na tundu mbili, baadaye Honda wakaleta za tundu nne. Silinda namba nne ndio ilikuwa inaumia. Uliza kama zilibadilishwa na uonyeshwe risiti. Kingine cha AP1 ni vile vishikio vya springi za valvu, mtu akikosea akashusha gia badala ya kupandisha, injini inasukumwa kupita 9,000 kwa nguvu ya magurudumu, vishikio vinapata ufa, na gari inaweza kutembea vizuri tu kwa miezi kabla ya valvu kudondoka ndani. Kufungua kifuniko cha juu na kuangalia hivyo vishikio ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua injini hii, ilipie.

Lipia pia kipimo cha mgandamizo na kile cha kuvuja, silinda zote nne, uandikiwe namba. Sababu yake ni hii: kuta za silinda za injini hii ni alumini yenye nyuzinyuzi ndani yake, teknolojia ambayo Honda waliitumia pia kwenye NSX, na haichongwi kirahisi kama injini ya kawaida. Kuta zikichanika unaingia kwenye gharama ya bloku nyingine au ya kuweka sleevu (kuta mpya za silinda za kupachika), na injini zilizotumika nazo zimepanda bei kwa sababu watu wanazitaka kwenye miradi mingine. Mimi nilishaacha AP1 nzuri kweli kweli, rangi haina doa, viti kama vipya, kwa sababu silinda ya nne ilikuwa inavuja kuliko wenzake na muuzaji akagoma kushuka hata kidogo. Roho iliniuma wiki nzima.

Barabarani, jaribu gia ya pili gari ikiwa bado baridi, ikikwaruza unapoingiza basi sinkronaiza, kile kinacholinganisha kasi gia inapoingia, imechoka. Ikishapata moto vizuri (na mwenye gari akikuruhusu kuivuta kabla haijapata moto, hiyo yenyewe ni taarifa) peleka sindano kupita 6,000 uone VTEC (mfumo wa Honda unaozifungua valvu zaidi injini ikizunguka kasi) inashika bila kusita. Difu isilie. Ukirudi iinue gari ulale chini, angalia bolti za kurekebishia mpangilio wa magurudumu, hizi zinaganda ndani ya bushi zake na kuzitoa ni kukata, kwa hiyo gari ambayo tairi zake zinaliwa upande wa ndani inaweza kuwa imeshindikana kurekebishwa kwa sababu hiyo. Kutu iangalie kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, hasa gari iliyoishi nchi za kumwaga chumvi barabarani.

Turubai linachanika pale linapokunjwa pembeni, na njia zake za maji nyuma ya viti zikiziba maji yanaingia ndani, nusa kapeti. Za mwanzo zilikuwa na dirisha la nyuma la plastiki, kuanzia modeli ya 2002 likawa kioo. Hadtopu ya Honda ikiwepo ihesabu kama mali inayojitegemea, ina soko lake na inaibiwa kweli.

Piga hesabu yote

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Tuseme, kwa mfano tu, umenunua kwa 30,000. Kwa mwaka bima 700, mahali pa kuiweka 1,200, sevisi na matengenezo 1,000, jumla 2,900. Miaka mitano ni 14,500. Siku ya kuuza mnada au dalali anachukua tuseme asilimia 5. Ili urudishe hela yako tu, bila faida hata senti, lazima iuzwe karibu 46,850. Hiyo ni kupanda zaidi ya asilimia 9 kila mwaka, miaka mitano mfululizo. Kama una gereji yako mwenyewe na kazi ndogo ndogo unafanya kwa mikono yako, hesabu inabadilika kabisa, ondoa ile 1,200 na nusu ya matengenezo unashuka mpaka karibu 37,900. Ndio maana watu wawili wakinunua gari moja, mmoja anaweza kutoka na faida na mwingine akala hasara.

Na bima uchukue ile ya thamani mliyokubaliana na kampuni, iliyoandikwa. Bima ya kawaida gari ikipotea wanaangalia kitabu cha bei ya gari kuukuu la Honda la viti viwili na unalipwa hela ambayo hata injini hainunui.

Mbele kukoje

Yanayoibeba ni wazi. Injini isiyo na tabo inayozunguka hivi haitengenezwi tena kwa bei ya mtu wa kawaida, gia ya mkono inazidi kupotea, Honda hawajaleta mrithi wake, na wale waliokuwa na picha yake ukutani wakiwa shule sasa wana miaka arobaini na kitu na wana hela. Hiyo nguvu ya umri ndio inayosukuma magari ya kila kizazi.

Yanayoizuia hayasemwi sana. Gari 110,000 sio chache, usiichukulie kama ni kitu adimu kwa idadi. Bei zilipanda sana kati ya 2020 na 2022 kipindi cha janga la korona, watu wana hela na wamekaa nyumbani, halafu riba zilipopanda soko likapoa, walionunua kileleni wengine mpaka leo wanasubiri. Na usingojee ule muujiza wa miaka 25. Sheria ya Marekani inayoruhusu gari kuingia ikitimiza miaka 25 iliipaisha Skyline R34 ya Nissan kwa sababu ilikuwa haijawahi kuuzwa kule kihalali, lakini S2000 iliuzwa Marekani tangu mwanzo, hakuna mlango uliokuwa umefungwa ambao sasa unafunguliwa. Kuna na miji inayobana gari za zamani, London kwa mfano tangu Agosti 2023 ile tozo ya pauni 12.50 kwa siku inahusu mji wote, na gari ya petroli isiyofikia kiwango cha Euro 4 inalipa. Angalia namba ya gari yako hasa, usisikilize maneno ya jumla.

Maoni yangu: gari iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, yenye wamiliki wachache na risiti kamili, itaendelea kupanda polepole na ndiyo itakayoshuka kidogo soko likianguka. Zilizobadilishwa na kuchoka zitafuata bei ya magari ya kawaida yaliyotumika, juu kidogo. CR naiona imeshabeba matarajio mengi ndani ya bei yake, anayeinunua leo ainunue kwa sababu anaitaka.

Ukishaipata iendeshe. Sio kila siku, lakini kila baada ya wiki mbili ipate moto kamili, dakika ishirini barabarani sio kuwashwa ikiwa imesimama. Gari iliyolala miaka inakauka sili, betri inakufa, petroli inaoza, na mnunuzi anayejua anaogopa kilomita 8,000 za gari iliyolala kuliko 60,000 za iliyotunzwa. Tairi angalia tarehe sio meno, zile namba nne pembeni, 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, na kwenye gari yenye mkia mwepesi kama huu tairi ngumu ya zamani inakupeleka mtaroni. Kila risiti weka, hata ya oili.

Siku ya kuuza, uza majira ya joto yanapoanza, gari ya kufungua paa inauzwa na jua. Piga video ya kuwasha ikiwa baridi asubuhi bila kukata, piga picha za chini ya gari, stika zote za namba ya chesisi, funguo zote mbili, namba za kipimo cha mgandamizo. Kasoro zitaje mwenyewe kwenye tangazo na upige picha yake karibu. Na lile boksi la vifaa vya kiwandani ulivyovitoa usiliuze kando kwa hela ya haraka, lipige picha likiwa wazi na uandike kwamba linaondoka na gari.